Usukani Chini ya Pazia

Barani, Malindi

Kwako Baba Rukia, mume wangu,

Assalaam alaykum. Vipi mguu wako? Uvimbe umepungua, au bado unaukanda kwa yale mafuta yanayonuka? Mama mkwe wangu hajambo? Mwambie shikamoo yake naituma kwa mikono yote miwili. Shemeji Omari na mkewe hawajambo? Mwanangu Juma anakwenda chuoni, au anajificha uani kwa watu? Bi Mize jirani amepona jino? Na yule mbuzi wangu mweusi mnamfunga mbali na leso zangu? Sisi huku wazima. Rukia ana maziwa tele, na mjukuu wako Bakari amechukua paji lako la uso, maskini.

Sasa nisikilize, na usikasirike mpaka ufike mwisho.

Unajua mkweo Salim hajapata kazi ya maana, anatengeneza redio za watu barazani tu. Alisema akikosa kazi hapa, atamchukua Rukia na mtoto waende Nairobi. Mimi usingizi sina. Basi tajiri mmoja mwenye hoteli akamletea mtihani. Alikuwa na mashine ya mchezo, kubwa kama kabati, watoto wa wageni wanaketi wanaendesha motokaa ya kwenye kioo. Chumvi ya bahari imeiua, umebaki usukani. Sasa amenunua kompyuta, kidude kama taipureta, kinachomekwa kwenye televisheni. Anataka usukani ule wa zamani uendeshe motokaa ya humo. Salim akiweza, kazi ya fundi wa hoteli ni yake.

Salim akaufungua. Ndani mna kitu kama kile cha kupandishia sauti ya redio, kina nyaya tatu. Akataka mtu augeuze polepole huku yeye anatazama namba kwenye televisheni, apate kuiambia kompyuta zipi ni kushoto na zipi kulia. Rukia yuko kitandani na uzazi. Nani mwingine? Mimi, mama wa mkewe! Jasho la haya likanitoka. Tukapitisha nyaya chini ya pazia, mimi chumbani na usukani mapajani, yeye ukumbini.

Akawa anamwambia Rukia, Rukia ananiambia. Mara Rukia akapitiwa na usingizi. Kisha nasikia mtu anakohoa.

"Bakari baba, mwambie bibi yako augeuze kushoto kidogo."

Mtoto hata shingo haijakaza! Nami nikajibu, "Bakari, mwambie baba yako bibi amegeuza."

"Mwambie bibi ahsante, sasa kulia."

Tukaenda hivyo mpaka alasiri, na Bakari mwenyewe amelala fofofo.

Tajiri akaja, akawekewa usukani mbele ya televisheni, mimi nachungulia penye pazia. Akakata kulia, motokaa ikaenda kushoto ikaingia majini. Akakata kushoto, ikaenda kulia ikaparamia miti. "Salim, gari lako limelewa," akasema, akainuka aende zake.

Baba Rukia, nilijua kosa ni langu. Mimi kule chumbani nilikuwa nimemwelekea Salim. Aliposema kushoto, nikageuza kushoto kwake yeye, mwenye kazi. Nikapiga kelele, "Wewe Salim! Kushoto nilikogeuza ni kwako, si kwangu!" Kuja kushtuka, nimeshavuka pazia, nimesimama mbele ya mkwe na mwanamume mgeni.

Salim akainamisha kichwa. Akafungua waya wa mwanzo na wa mwisho, akazibadilisha mahali, wa kati akauacha. Tajiri akacheka, "Haya mama, jaribu wewe." Mimi, ambaye hata baiskeli sijaipanda! Nikakata kulia, ikaenda kulia. Nikalipita gari jekundu, nikapiga kigelegele, mtoto akaamka analia.

Kazi amepata. Nairobi hawaendi. Lakini hoteli imewapa chumba cha wafanyakazi, kimoja tu, wanahamia Ijumaa, na arubaini ya Rukia haijatimia. Nikae chumba kimoja na mkwe? Tangu siku ile anakula barazani, akiniona anatazama ukuta.

Nisalimie mama yako, ndugu yako Omari na mkewe, na jirani yetu Bi Mize. Juma mwambie asome.

Nijibu upesi, barua mpe kondakta wa basi aifikishe kabla ya Ijumaa. Ukisema nirudi Vanga nitarudi, lakini nitalia njia nzima. Ukisema nikae, nitakaa na haya zangu.

Mkeo,
Mama Rukia