Niliacha Kuandika Kwamba Yalikuwa Matanga

Mpendwa Mama Nyaguthii,

Naomba msaada, ingawa tangu Jumapili nakula na kulala kama watu wengine, na hiyo ndiyo inanitia wasiwasi. Nilikuwa karani wa siri hapa Kitale, kazi yangu ni kukaa mikutanoni na kuiandikia serikali nani amesema nini, na mwaka wa 1954 nikaenda matanga huko kwetu Kamukuywa, siku ya tatu baada ya maziko, ile siku sisi Wabukusu tunamweka mzee mmoja atembee katikati ya watu akifariji na kukanya, na akisema hakuna ruhusa mtu kuinuka wala kumkatiza, na siku hiyo alikuwa Mzee Eliakim, akasema mashamba yanaisha na vijana wanazurura, basi mimi nikaandika ati watu mia mbili walikaa kimya, hakuna aliyeinuka, wote wanamtii, na neno matanga sikuliandika kabisa, kwa sababu mkubwa wangu alipenda ripoti kali na mimi nilitaka cheo. Wakamkamata Eliakim pamoja na Kimutai, jirani kutoka Mlima Elgon aliyekuja kumzika rafiki yake tu, wakawapeleka kizuizini.

Mwaka jana niliacha kazi. Eliakim amerudi, na Jumapili baada ya kanisa nilimwambia yote, naye akacheka, akasema, "Si nilikuona ukiandika? Hata nilipunguza mwendo usiachwe nyuma, bana." Mama, nililia, nikasikia mwili mwepesi!

Lakini Kimutai bado amezuiliwa, huu mwaka wa tatu, na mke wake Jerono analima peke yake. Wakili anasema nikiandika ukweli anaweza kutoka, lakini siku ya kuacha kazi nilitia sahihi kwamba nikifunua neno nitafungwa. Eliakim ameshanisamehe. Si hiyo yatosha?

Karani Mstaafu

*

Karani,

Pole, na hongera kwa kufungua mdomo. Lakini hapana, haitoshi hata kidogo! Eliakim alisamehe yake. Ya Kimutai nani alimpa ruhusa kuyasamehe?

Mmeniandikia wengi mliotoka kazi hiyo. Mmoja anafunua siri kwa hasira ya kunyimwa cheo, mwingine anataka asifiwe kilabuni, na wengine mnatafuta usingizi tu. Wewe usingizi umeupata, sasa unataka kunyamaza tena. Aibu, ndugu yangu.

Sitakudanganya kwamba hakuna hatari. Mwonyeshe wakili ile karatasi kwanza, na mkeo ajue kabla hujaandika. Lakini matanga ya watu mia mbili yalikuwa siri ya nani? Andika uliyoyaona na uliyoyaacha kwa makusudi, basi. Makarani wenzako usiwataje, hata kama mlikosana. Kila mmoja atajisemea mwenyewe.

Halafu panda baiskeli uende kwa Jerono. Usimtume Eliakim, wala pasta. Akikufukuza, kubali kufukuzwa.

Barua yako nimeikalia wiki mbili nikitumaini umeshakwenda. Majina yote nimeyabadilisha, lakini mama huyo akisomewa habari za matanga na miaka mitatu atajijua. Gazeti hili linafika huko Jumamosi. Wewe fika Ijumaa.

Mama Nyaguthii