Nilikwenda Kumtoa Thuwaiba Kwenye Filamu

Edmonton, Landani

Mdogo wangu Raya,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii inakukuta umekaa, kwa sababu magoti yako nayajua, na pia kwa sababu nina maneno na wewe. Sukari je? Dawa unakunywa, au bado unazificha chini ya mto? Sie hapa wazima. Baridi imeingia na miguu yangu imevimba, lakini alhamdulillahi, kwenye basi napanda mwenyewe na nashuka mwenyewe.

Nakuandikia kwa mkono, na mwandiko wangu unaujua, kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi ya kusema. Ile sauti uliyonitumia nimeisikiliza. Umesema mjukuu wangu Thuwaiba anatutia aibu kwa kuigiza filamu, tena uchi, eti jirani yako kakuhadithia, na kama haachi, posa ya mjukuu wako Haitham imevunjika. Ukasema, "Dada, nenda kamtoe kwa mkono wako." Basi nilikwenda kumtoa. Sikiliza yaliyonikuta.

Wanapigia filamu nje ya mji, ndani ya jumba kama ghala. Thuwaiba mwenyewe aliniombea ruhusa niende kutazama, hajui nilichokusudia. Asubuhi tulishagombana, kaacha sufuria ya uji chafu. Nikamwambia, "Nyota gani wewe, sufuria inakushinda?" Akanijibu kwa Kiingereza chake kwamba kachelewa. Kiswahili anakisikia chote, kukisema ndiyo hataki.

Hadithi yao ni ya Hollywood ya zamani, enzi za picha zisizo na rangi. Thuwaiba ni msichana anayewashonea waigizaji nguo, kisha siku moja anapewa kuigiza yeye. Miaka yote hii, Raya, alikuwa akipewa kupita nyuma na sinia, hata uso hauonekani. Safari hii filamu nzima imekaa mabegani mwake. Na nguo aliyovaa inaburura chini, mikono mpaka viganjani. Hayo ya uchi uliyaokota wapi?

Nikakaa kwenye kiti, mkoba mapajani, nasubiri wapumzike nimkamate tuondoke. Akatokea juu ya ngazi. Chini kasimama Mzungu aliyemletea habari kwamba kaka yake amekufa. Hakupiga kelele. Alishuka polepole, anafunga kifungo cha mkono, anakifungua, anakifunga tena, kama mtu ambaye akimalizana na kile kifungo itabidi aamini. Kisha akakaa palepale kwenye ngazi.

Mie niliinuka. Mtoto nimemlea, kaka hana, najua, na niliinuka vilevile. Nikapita katikati ya mataa yao, nikakanyaga manyaya, nikampa mkono wa tanzia. "Pole mwanangu. Mungu akupe subira."

Muongozaji wao akapiga ukelele, kazi ikasimama. Thuwaiba akaninong'oneza, kwa Kiswahili, "Bibi, sijafiwa. Niko kazini. Rudi ukakae." Nikarudi nikakaa, mie ambaye sijaamrishwa na mtu tangu afe mume wangu.

Nilidhani nimeshamharibia, huzuni imekatika. Akapanda, akashuka upya. Mara hii kifungo hakukigusa. Aliutazama tu mkono wake kama wa mtu mwingine, na ikauma kuliko mwanzo. Muongozaji mwenyewe alisahau kuwaambia basi.

Sasa nikuulize. Tulipokuwa wasichana tukienda sinema siku za wanawake, nani alikuwa akilia mpaka watu wa mbele wanageuka? Ulimlilia binti wa Kimarekani usiyemjua mama wala baba, ukarudi nyumbani macho mekundu, ukamdanganya mama kwamba unaumwa jino. Yule hakuwa mjukuu wa mtu? Au wa wenzetu wakiigiza ni raha yetu, wa kwetu akiigiza ni aibu?

Kwenye basi, tukirudi, nikamuuliza Thuwaiba, "Haitham unamtaka?"

"Namtaka, Bibi."

"Na ukiambiwa uchague?"

Akageukia dirishani. "Sitaki kuchagua. Wakinilazimisha, nitairudisha pete." Akalia. Na hakulia vizuri kama kule kazini, Raya. Kalia ovyo, makamasi mpaka kidevuni, na mie natafuta kitambaa mkobani sikipati.

Kwa hiyo simtoi. Kesho yake nilimwamsha mwenyewe asichelewe. Na wewe usimsemee Haitham. Kuoa anaoa yeye.

Nisalimie shemeji yangu, mumeo, mwambie kifua akifunike. Nisalimie binti yako, mama yake Haitham, nasikia amekuwa kimya, na kimya chake nakipenda kuliko maneno yako. Jirani yako aliyekuletea habari za uchi mpe salamu na mwambie aende kwa daktari wa macho.

Haitham sijamsalimia. Salamu zake ninazo mimi. Anipigie yeye, kwa mdomo wake, aniambie anamtaka Thuwaiba pamoja na kazi yake, nitampa zote.

Dada yako anayekupenda, na hasira bado ninayo,
Zeyana