Sahihi Sitini na Moja

Ocala, Florida
4 Aprili

Mwanangu Corinne,

Hujambo huko Ohio, baridi imekuachieni? Mimi sijambo, ukiacha jicho la kushoto, ambalo sasa ni pambo tu. Tangu nianguke bafuni naoga simu ikiwa kando ya sabuni.

Kamati ya mtaa imekataa uje kuishi nami. Mtaa huu ni wa waliotimiza miaka hamsini na mitano, nawe una hamsini na mmoja, na ruhusa ya pekee hutaka wajumbe wote watano wakubali. Wanne walikubali. Bwana Thackrey, yule anayepima nyasi zetu kwa rula, alikataa mbele ya watu. Alisema, “Leo binti wa Ardith, kesho wajukuu na ngoma zao.”

Basi namng’oa. Nyumba sitini na moja kati ya mia na ishirini zikitia sahihi, anatoka kwenye kamati, nawe unaingia. Jirani yangu Twyla atanisomea majina, mimi nitabisha hodi.

Mama yako


Dayton, Ohio
12 Aprili

Mama mpendwa,

Afya yangu njema, hofu ni kwako. Wewe wa kuzunguka na karatasi za kung’oa watu kwa umri huo! Lakini zunguka, Mama. Nimechoka kulala na simu mkononi nikingoja habari kwamba umeanguka. Ila ungeanza mapema. Wakazi wa msimu wa baridi, wanaokimbilia huko theluji ya kwao, huondoka Pasaka ikiisha.

Mwanao, Corinne


Ocala
9 Mei

Mwanangu,

U mzima? Miguu yangu inauma, moyo mzima.

Ulisema kweli, wa msimu wa baridi wameondoka, nusu ya nyumba zina mapazia yaliyofungwa. Tumewafuata kwa barua hadi Michigan. Waliobaki wote wanamlaani Thackrey mpaka watoe kalamu, hapo ghafla wanakumbuka kwamba aliwahi kuwaazima ngazi. Bwana Ostrander ametia sahihi akaniomba nisimwambie mtu, kana kwamba orodha hii inakwenda mbinguni.

Tuna sitini. Ya mwisho iko njiani kutoka Saginaw, huko huko Michigan. Anza kufunga vitu vyako.

Mama yako


Dayton
17 Mei

Mama,

Salamu nyingi, na kwa Twyla pia. Nimeaga kazini na nimerudisha funguo za nyumba. Usinigombeze. Nitafika wiki ya kwanza ya Juni.

Mwanao


Ocala
30 Mei

Corinne mwanangu,

Sijui kama waraka huu utakukuta. Mwili haujambo.

Ya Saginaw ilifika, zikawa sitini na moja. Kamati ikalinganisha kila sahihi na hati ya nyumba. Iliyofutwa ni yangu. Nyumba bado ina jina la baba yako peke yake. Miaka sita naambiwa nikaibadilishe, na kila nikifika kwa karani naona ile nafasi ya kuandika “marehemu”, narudi nyumbani.

Thackrey hakucheka. Alisema kwa upole, “Ardith, aliyetia sahihi si mwenye nyumba.” Afadhali angecheka.

Ombi jingine haliruhusiwi hadi mwaka upite, na watatu kati ya waliotia sahihi wameshakwenda kumwomba radhi. Mimi ndiye niliyeangusha jambo letu. Nisamehe.

Mama yako


Ocala, karibu na stendi ya basi
21 Agosti

Mama,

Umeamkaje? Chumba nilichopanga hakina neno, na kazi ya duka la mikate ni ya kutwa nzima.

Jana mlinzi wa getini kwenu alinionyesha kitabu cha wageni. Mgeni asiyetimiza umri anaruhusiwa kulala mtaani siku thelathini kwa mwaka. Nimelala ishirini na saba. Zimebaki tatu hadi Januari. Hamia kwangu, Mama. Kama hutaki, nichagulie siku.

Mwanao


Ocala
25 Agosti

Mwanangu mpenzi,

Nimeamka vizuri. Twyla ananiandikia, jicho la pili nalo limegoma.

Kuhamia siwezi. Nyumba hii naijua kwa mikono. Kwingine nitakuwa kipofu kabisa. Jumapili njoo tunywe kahawa, urudi kwako mapema.

Zile tatu za kulala usiziguse. Nilipofunga nyumba ya bibi yako baada ya kumzika, nguo, vyombo, kitanda na kuwapokea wa msibani, zilinichukua siku tatu kamili.

Mama yako