Uso wa Mjane Dirishani

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumai goti limepoa na sasa unapanda ngazi bila kushikwa mkono. Mimi mzima, ila vidole vimechanjwachanjwa na vioo.

Lile dirisha la kanisa limekamilika. Ni mfano wa mjane aliyemwendea hakimu dhalimu bila kuchoka mpaka akapewa haki yake. Nimemchora kwa vioo vya rangi, gauni la buluu, amesimama wima, anamkazia hakimu macho.

Baba mdogo, kama ujuavyo, ndiye mwenyekiti wa kamati ya ujenzi. Alipokuja karakanani kulikagua alimtazama mjane, akageuza macho, kisha akadai mwanamke mwenye adabu hupiga magoti. Nimchore upya, ameinama, uso usionekane. Nikamjibu kwamba rangi ikishachomwa tanuruni haifutiki, na hata ingefutika nisingeifuta. Bosi wangu akanivuta pembeni: nibadilishe, au nitafute kazi kwingine. Nikafungasha brashi zangu. Muda ulikuwa umewabana, wakalipachika hivyo hivyo.

Siku ya uzinduzi nikakuta mjane amefunikwa turubai, hakimu peke yake anang'aa. Nikapanda ngazi ya mafundi, nikaling'oa turubai mbele ya waumini wote. Baba mdogo akafoka nishuke. Mchungaji akamnyamazisha, akaniuliza kuna nini katika uso ule hata ufichwe.

Mama, hapo ndipo nilipofanya ulilonikataza. Uso ule ni wako, na nikalisema hilo kwa sauti. Nikasema nyumba anayoishi baba mdogo aliijenga marehemu baba, na wewe ulitolewa humo hata udongo wa kaburi haujakauka. Najua ulitaka ya nyumbani yabaki nyumbani. Lakini yenyewe yalibaki ndani, wewe ukabaki nje. Siombi radhi.

Waumini wakageuka kumtazama baba mdogo. Kisha mwalimu wa kwaya akasimama, akasema, "Huyo mama tunamjua." Wakasimama na wengine. Baba mdogo akatoka kwa mlango wa nyuma.

Jana wazee wa kanisa walimwita. Wanataka kukusikia na wewe, kwa mdomo wako mwenyewe. Njoo, Mama. Baba mdogo akimtuma mtu kukusihi ubaki huko, mwambie keshachelewa.

Nisalimie dada na wanawe. Kazi sina, woga pia sina.

Ni mimi,
kitinda mimba wako