Nimemfundisha Mdogo Wangu Kuogopa Chuo

Mshauri wangu mpendwa, shikamoo, na pole kwa mzigo wa barua zetu. Naomba unisaidie na unisaidie mapema, kwa sababu chuo kinafunguliwa Jumatatu na mdogo wangu anasema haendi, na aliyemfanya asitake kwenda si mwingine ila mimi.

Mimi ni mpima macho katika kliniki ndogo ya miwani, nimepanga nyumba ya vyumba viwili, sina mume kwa sasa (tafadhali usianzie hapo), na nina mdogo mmoja tu wa kike, ambaye kwa kuwa ndiye aliyefunga tumbo la mama sote tunamwita Kitinda. Baba hatunaye, mama ni fundi cherehani, na mimi ndiye wa kwanza katika ukoo wetu kukanyaga chuo, kwa hiyo Kitinda alipopata nafasi ya kusomea mambo ya maji katika chuo kilekile nilichosoma mimi, mama aliniambia, "Wewe unakujua huko, mwandae mwenzio," nami nikaitika upesi, maana kuna jambo ambalo nyumbani hawalijui hadi leo.

Mshauri, mimi chuo kilinitesa. Nilitoka shule ya bweni ambako kuamka ni kengele, kula ni kengele, kulala ni kengele, nikafika chuoni, nikaonyeshwa kitanda, nikapiga pasi nguo zangu, nikakaa kitandani kusubiri kengele, wenzangu wa chumbani wakawa wanatoka na kuingia nami nawatazama tu nikidhani wao ni wa mwaka wa pili wanajua ratiba yao, na nilipokuja kushtuka kwamba hakuna kengele wala hakutakuwa na kengele, watu walishajiandikisha masomo, mimi nikapewa yaliyobaki. Basi aibu ya siku hiyo ikazaa aibu nyingine, nikaona nikiuliza sasa watajua sikuuliza mwanzo, nikawa nakaa nyuma darasani naandika nisichokielewa, nakula mkate mkavu chumbani kwa sababu sikujua kwamba kule jikoni unachukua kwanza tiketi dirishani ndipo upange foleni, nalia nyuma ya mashuka yaliyoanikwa ili mtu akipita adhani nafua. Nikafeli, nikarudia mitihani, nikamaliza kwa kujikaza kisabuni. Nyumbani wao wanaiona picha yangu ukutani nimevaa joho natabasamu, wanajua mambo yalikwenda kama maji.

Kwa hiyo niliapa Kitinda hatapita nilikopita mimi. Nikamchukua kwangu nikaanza kumpa mazoezi ya chuo. Nilikataa kumwamsha asubuhi, achelewe ajue. Nikajifanya mwenzake wa chumba mkorofi, nikaoga kwa sabuni yake, nikajipaka mafuta yake, akisoma nawasha redio, akilala naacha vyombo vichafu chini ya kitanda chake. Na wala hakuchukua hatua za maana, alikuja tu akaniambia kwa upole, "Dada, sabuni hii ni yangu. Kama tunatumia wote, basi tununue wote," nami nikamgombeza kwamba chuoni upole wa hivyo watamla mzima mzima. Nikamwomba mama wa mapokezi pale kliniki ajifanye karani wa chuo, amzungushe, amwambie rudi kesho, rudi mchana, lakini baada ya muda nikawakuta wanacheka pamoja, Kitinda amemuuliza habari za mguu wake unaovimba na ameshaonyeshwa dirisha la kwenda, nikaona huyu mtoto hajui dunia.

Ndipo nikafanya jambo linalonikosesha usingizi hadi sasa. Kuna kijana anatengeneza simu jirani na kliniki, nikamtuma amrushie Kitinda maneno matamu, ili ajifunze kuwatambua waongo. Kijana wa watu akaenda, jasho linamtoka, hakufika hata kwenye "macho yako", aibu ikamshika akasema, "Samahani, dada yako ndiye aliyenituma."

Kitinda hakunipigia kelele, na heri angepiga. Alirudi nyumbani akawa anakunja nguo zake, akaniuliza, "Na yule mama wa mapokezi naye ulimpanga?" Nikachukua blauzi yake nikaanza kuikunja. Akasema, "Sasa dada, nitamjuaje anayenisemesha kwa nia yake? Kama chuo ndicho hiki, mimi siendi. Nitakaa na mama tushone." Akaenda. Mama naye akanipigia simu akasema, "Nilikupa mtoto anachekacheka, umenirudishia mtu anayechungulia dirishani kabla ya kufungua mlango."

Mshauri, maji yamenifika shingoni. Nimkamate nimpeleke kwa nguvu? Nimwache mwaka huu upite? Mimi sikuwa na nia mbaya. Ningekutana na yule msichana niliyekuwa zamani ningemwambia mengi mno, na kwa kuwa simpati, nampa Kitinda. Kosa langu liko wapi?

Ni mimi, Dada wa Kitinda.

*

Dada wa Kitinda, marahaba.

Kwanza nisamehe, nimecheka. Yule kijana wa simu nimemhurumia mpaka nikaweka barua chini. Mpelekee soda, umwombe radhi, na usimtume tena popote.

Sasa kaa sawa nikuseme. Unauliza kosa lako liko wapi, na umeliandika mwenyewe kwa mkono wako, mwishoni kabisa. Msichana uliyemtaka humpati, ukamkamata aliyekuwa karibu. Wewe unapima macho ya watu kila siku. Mteja akiingia, unavua miwani yako unampa avae, kisha unamlaumu kwamba haoni? Humfanyii mgeni hivyo, na mdogo wako umemfanyia.

Rudia kusoma barua yako, maana mimi nimeisoma mara nyingi kuliko ulivyoiandika. Mtoto alichukuliwa sabuni akasema wazi kwamba ni yake, bila matusi wala machozi, na papo hapo akaja na njia ya kuishi na mwenzake. Wewe ukaita hiyo kutojua dunia. Akakutana na karani mkali wa kupangwa, akamuuliza habari za mguu, akaonyeshwa dirisha. Hilo nalo ukalisikitikia. Dada yangu, wewe uliteseka kwa sababu hukuweza kumgeukia mtu wa kitanda cha pili ukamuuliza, "Jamani, hapa tunafanyaje?" Kitinda anaweza. Alikuja kwako akiwa nacho tayari kile kitu kimoja ulichokikosa, na mazoezi yako yote yalikuwa ya kumnyang'anya. Sikwambii haya nikuumize. Nakwambia ujue kwamba hujachelewa, kwa sababu mtu aliyezaliwa hivyo hageuki kwa likizo moja ya mwenzake mkorofi.

Lakini yule msichana uliyekuwa zamani naye ana haki yake, na mimi siwezi kumruka. Jifungie chumbani, uongee naye, hata kwa sauti, majirani wakisikia shauri yao. Mwambie, binti, inuka hapo kitandani. Hakuna anayekuja kukuita, na si kwamba wamekuchukia; kila mmoja hapo bwenini anahangaika na hofu yake. Yule anayetoka na taulo begani, mwulize bafu liko wapi. Nenda kwenye foleni ya chakula, mwambie aliye mbele yako kwamba hujui inakuwaje hapa. Akicheka, cheka naye, kisha ule ushibe. Darasani keti mbele. Usipoelewa inua mkono, maana nusu ya hao wanaoandika haraka haraka hawajaelewa pia, wanasubiri mmoja ajitoe mhanga. Ukikosea mwanzo wa muhula, uliza katikati. Ukikosa katikati, uliza mwisho, hakuna mlango uliofungwa kwa swali kuchelewa. Mwambie hakuwa mjinga. Alikuwa hajaambiwa, basi. Na umwambie alifika, akamaliza, na leo watu wanasoma magazeti kwa sababu yake. Ukilia, lia tu. Safari hii huhitaji kujificha nyuma ya shuka la mtu.

Ukishanawa uso, nenda kwa mama yako. Usiende na hotuba, nakufahamu sasa. Keti na Kitinda, umwombe msamaha kwa kumpangia watu, useme neno lenyewe, "Nilikosea," usilizungushe. Kisha mwambie habari ya kitanda, na mkate mkavu, na ile mitihani uliyorudia. Mama akiwepo, asikie naye. Najua unaogopa ile picha ya ukutani itapungua heshima. Haitapungua. Ulimpa mtoto hofu yako ukamficha sababu yake, na hofu isiyo na sababu ndiyo inayomfanya mtu achungulie dirishani. Akijua kwamba dada yake mkali aliwahi kumwogopa mtu wa dirisha la tiketi, atakucheka. Mwache akucheke. Hapo ndipo utajua anaenda.

Usimkamate kwa nguvu, na usiuache mwaka upite. Kati ya hayo mawili hakuna lililo lake. Mwulize, "Unataka kwenda?" kisha ufunge mdomo, hata kimya kikikusumbua. Mimi naamini atasema ndiyo. Mtu aliyechagua kusomea maji hakuchagua ili akashone mapindo ya suruali, na mama yako, kwa maneno yake ya simu uliyoniandikia, hamtaki hapo kwenye cherehani; anamtaka chuoni kama unavyomtaka wewe.

Jumatatu msindikize. Mbebee begi hadi getini, hapo getini umkabidhi. Usiingie bwenini kukagua godoro, usimsalimie mwenzake wa chumba kwa sauti ile ya kupeleleza, na usimtolee karani jicho. Mpungie mkono uondoke. Utatamani kugeuka, na ukigeuka mara moja sitakusema.

Na ukifika nyumbani usimpigie, subiri apige yeye. Pengine atapiga siku ileile, akwambie jengo la darasa halioni na amechanganyikiwa. Utakuwa unalijua jengo lile, na njia utakuwa unaikumbuka vizuri kabisa. Usimwelekeze. Mwulize tu, "Karibu yako kuna nani?"