Filta Iliyogoma na Mkanda wa Mama

Olasiti, Arusha
16 Juni 1959

Mpendwa Kaka Mika,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Tanga, na kwamba ile homa iliyokulaza mwezi jana imekuachia. Sisi tu wazima, ila baridi ya Meru mwaka huu haina huruma. Mama anakohoa asubuhi, jua likitoka anasahau.

Mkeo, Shemeji Anyesi, bado hajajifungua. Mkunga alikuja juzi, akasema mtoto amekaa vibaya, kama yule wa kwanza tuliyemzika. Uchungu ukianza tu, apelekwe hospitali mjini bila kungoja. Kwa hiyo kaka, pikapu yako ndiyo tegemeo letu, na ndiyo inayonikosesha raha.

Jana nilimwaga oili chakavu ili gari liwe tayari. Filta ya oili ikakataa kutoka. Niliizungusha mpaka viganja vikachubuka, haikusogea. Afadhali nikiri: kosa ni langu. Mara ile uliniambia niikaze kwa mkono tu, lakini kwa ujuaji wangu niliogopa itadondoka kwenye mashimo ya barabara ya Sombetini, nikaikaza kwa mnyororo wa plau. Unicheke, lakini usinicheke mbele ya watu.

Nilikwenda mbio Kijenge kwa Fundi Avtar, nikaambiwa yuko Moshi harusini. Nikarudi, nikapigilia bisibisi ubavuni mwa filta ili niitumie kuizungushia. Bati likachanika, filta ikabaki palepale. Nilikaa chini nikaona nimemuua mke wa kaka yangu.

Mama ndiye aliyeninyanyua. Alileta mkanda wake wa ngozi wa kubebea kuni, ule ambao haturuhusiwi hata kuugusa, akaulowesha.

"Funga huku juu, kwenye bati zima," akaniambia. "Kuni zinazoteleza tunazifunga hivi. Na uache kulia, wewe si mtoto."

Nikauzungusha mara tatu, nikapitisha mpini wa jembe, nikavuta. Ikalia, ikaachia! Mkanda umechanika ukingoni. Na hilo nalo linanisumbua.

Leo asubuhi nimefunga ile filta mpya uliyonitumia kwa basi, safari hii kwa mkono. Nimetia oili, nimewasha. Lakini kaka, inavuja! Chini pana doa kubwa kama sahani. Najua jibu lako haliwezi kunifikia kwa wakati. Nakuandikia kwa sababu nikishika kalamu nakusikia unavyonifokea: kaza kwa mkono, Natha, paka ile pete ya mpira ya filta oili, bandua mpira wa zamani...

Mpira wa zamani!

Nimerudi. Ulikuwa umeng'ang'ania kwenye injini, nami nikafunga mpya juu yake. Nimeubandua kwa kucha, nimefunga upya, nimeongeza oili iliyobaki. Nimeiacha injini ingurume hadi chai ikachemka. Chini ni pakavu.

Samahani kwa madoa kwenye karatasi, sina muda wa kuandika upya. Msalimie binamu yetu Efraimu, na Bibi Khatun mwenye nyumba wako. Mungu akufunike huko uliko, nasi atushike mkono njiani. Nasema njiani kwa sababu Anyesi amesimama mlangoni, ameshika kiuno kwa mikono miwili, na Mama anatandika blanketi kwenye pikapu. Barua hii nitaiposti mjini, nikishamfikisha.

Wako akupendaye, mdogo wako,
Nathanaeli