Bendera Mgongoni mwa Jemadari

Kaka Wafula,

Ulipokuwa hai sikuwahi kukuandikia, maana tulilala chumba kimoja na lililokuwa la kusemwa tulilisema. Unajua niliishia darasa la saba, kwa hiyo usitafute maneno makubwa humu. Ninaandika kwa sababu ya ukuta wa Mama Zainabu hapa Majengo, Nyeri, ule ulipomchora Jemadari. Majuma mawili yaliyopita mtu aliupaka tope, na mimi ndiye niliyeachiwa kuamua Jemadari atakaaje kuanzia sasa. Hakuna posta inayofika uliko. Basi wasome wengine, labda watanisaidia kufikiri.

Hao wengine hawamjui Jemadari. Wewe unakumbuka alivyotufikia. Mjomba Simiyu, utingo wa lori la sukari, alituletea kitabu cha picha kisicho na jalada, na ndani yake kulikuwa na mtu mwenye kifua kama mlango, anayeruka bila mabawa. Joho lake lilikuwa bendera ya Kenya. Kabla ya kumpiga mwizi yeyote alisimama wima, akapiga saluti, akapaza sauti: "Nchi kwanza!" Hata mimi niliyekuwa mdogo niliona kwamba angeanza na kupiga angemaliza kazi mapema. Lakini wewe ulisema hapana, lazima kwanza ajulikane anapigania nani.

Ulifunga leso ya mama shingoni ukapanda juu ya ghala la mahindi. Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi. "Wafula, shuka! Hiyo nchi yako haitanipa leso nyingine!" Uliruka hata hivyo. Leso ilipasuka katikati, na jioni ulichapwa, na ulipokuwa ukichapwa ulipiga saluti. Mama alishindwa kuendelea kwa kucheka.

Ukurasa wa mwisho wa kile kitabu ulikuwa umechanika. Jemadari alikuwa amefika mlangoni kwa chifu aliyeficha mahindi ya msaada, na hapo tukaachwa. Wewe ulisema anamkamata. Mimi nilisema anapiga saluti na kwenda zake, kwa sababu chifu ndiye serikali, na saluti ni ya serikali. Ulikasirika kama mtu aliyetukanwa. "Saluti ni ya bendera, Barasa. Chifu amesimama tu karibu nayo." Tuligombana mpaka tukalala bila kusemezana. Nilidhani ni maneno ya watoto.

Kisha tukawa watu wazima, Webuye ikakosa kazi, tukaja huku mlimani kwa sababu mtu wa kanisani alisema kuna mijengo, kazi za ujenzi, Nyeri. Mimi nilipewa koleo kwenye mjengo wa Ruring'u na sijaliweka chini mpaka leo. Wewe ulishikia wachoraji ngazi na ndoo za rangi, ukaiba kazi yao kwa macho, ukawa fundi wa maandishi ya maduka. Nilikusaidia siku ambazo hakukuwa na saruji ya kuchanganya. Nilishika ncha moja ya uzi uliopakwa chaki, wewe ukashika nyingine, ukauvuta na kuuachia, tap, mstari ukabaki ukutani umenyooka. Ulisema mchoraji asiyepiga uzi anamdanganya mwenye duka.

Tulipokwenda Kangema kuchora duka la yule mzee wa sabuni na unga, aliona Jemadari kwenye karatasi yako akampenda sana.

"Huyu nichoree mlangoni," alisema. "Lakini abebe pakiti ya unga."

"Mzee, huyu haajiriwi."

"Ati haajiriwi? Na hiyo misuli anaipata wapi bila kula?"

Watu waliokuwa wakingoja kupeleka majani chai kituoni walicheka. Wewe hukucheka. Ulimchorea mzee ng'ombe mzuri badala yake, ng'ombe akabeba unga, tukarudi Nyeri na ukungu umetufunika, ukinieleza njia nzima kwamba kuna vitu ambavyo havifai kubeba pakiti.

Ndiyo maana ulimpa Mama Zainabu ule mchoro bure. Alikuwa ametulisha maharagwe na chapati katika kibanda chake wakati wa mvua, kazi ilipokuwa imesimama, na hakutuuliza dini wala kabila. Ulimweka Jemadari ukuta wote wa upande wa msikiti, mkono mmoja kiunoni, mwingine kwenye paji la uso akipiga saluti, na joho limefunguka nyuma kama upepo wa mlima unalivuta. Ile mistari myeupe ya bendera, inayotenganisha rangi, uliichora siku nzima. Wengi huisahau. Hupaka nyeusi, nyekundu na kijani wakafikiri wamemaliza. Wewe ulisema nyeupe ndiyo amani, na amani hairukwi.

Sasa niseme habari ya uwanja. Sijaisema kwa mtu hapa.

Sikukuu ya taifa ilipelekwa mji mwingine wa huku mlimani, na ukuta mrefu wa uwanja ulitakiwa uwe bendera kabla wakubwa hawajafika. Ulifurahi kama mtu aliyeitwa kuoa. Mimi nilikwenda nawe kuchanganya lipu. Mbao nzuri za kiunzi, zile za kukanyaga ukiwa juu, zilichukuliwa zikatandikwe chini ya zulia la jukwaa la waheshimiwa, kwa sababu udongo ulikuwa laini na viti vyao vingezama. Sisi tuliachiwa mabanzi, yale mabaki ya magogo yenye magome upande mmoja. Fundi mmoja alimuuliza msimamizi. Nilimsikia msimamizi akijibu, na sauti yake bado ninayo.

"Hii ni kazi ya taifa, bwana. Mzalendo haulizi mbao."

Watu walinyamaza. Wewe pia ulinyamaza, kaka. Siku zote ulikuwa ukilijaribu banzi kwa mguu, ukilirukia kidogo likiwa bado chini, kabla ya kulipandisha. Siku ile ulipandisha tu ukapanda. Nilikuwa upande wa pili wa ukuta nikichekecha mchanga. Nilisikia mti ukivunjika, kisha ndoo, kisha hakuna kitu.

Siku ya sherehe nilirudi kuchukua brashi zako. Mlinzi alinizuia nje ya ua, nikangoja hapo. Wimbo wa taifa ulipopigwa, miguu yangu ilijipanga yenyewe, mikono ikanyooka, nikasimama wima kati ya wauza maji na wauza njugu. Nilijichukia nikiwa nimesimama hivyo. Ukuta wako ulikuwa unang'aa. Mtu mwingine alikuwa ameumalizia, na mahali ulipoishia nyekundu imekuwa nzito kidogo. Hakuna anayeona ila mimi. Walihutubia mpaka jua likahama. Waliwashukuru wanakwaya, askari wa gwaride, na mvua kwa kutonyesha. Jina lako halikutajwa.

Tulikupeleka nyumbani. Mama haulizi tena habari za nchi.

Basi ile asubuhi ya tope. Nilifika kibandani kunywa chai nikakuta watu wamesimama. Uso wa Jemadari haukuguswa, wala kifua. Tope lilikuwa kwenye joho tu, limepakwa kwa kiganja, bendera yote kutoka juu mpaka chini. Mtu alifanya kazi ile polepole.

Muriithi, kinyozi jirani, alikuwa wa kwanza kusema. Unamjua, hanyamazi hata akiwa na wembe shingoni mwa mtu.

"Huyo hajakosea. Leo bendera ni ya nani? Si ya hao wanaotukamua? Barasa, mtoe hiyo kitu mgongoni. Shujaa wa siku hizi hana kwao. Leo yuko Nairobi, kesho Amerika, popote kuna kazi."

"Kama mimi," nilisema.

"Wewe huruki. Wewe unabeba mawe."

Walicheka, na mimi nikacheka kidogo. Mama Zainabu hakucheka. Alikuwa ameshika kitambaa chenye maji lakini hakufuta.

"Ukuta ni wangu, lakini mchoro ni wa nduguyo," aliniambia. "Ukisema abaki na bendera yake, nitamwosha. Ukisema avuliwe, mvue. Ila usimwache na tope, mwanangu. Watu wanakula hapa."

Nilisema avuliwe. Sikufikiri hata kidogo. Nilikuwa na hamu hiyo tangu uwanjani. Kila nilipopita pale nilikuwa nikimwona yule msimamizi ndani ya lile joho, akituambia tusiulize. Jumapili niliazima brashi ya waya, nikakwangua nyeusi, nikakwangua nyekundu, nikafika kwenye kijani. Ile nyeupe uliyoichora siku nzima niliitoa kabla chai haijapoa. Kisha nikapaka joho lote rangi ya kijivu, ile ya kwanza ya kuzibia ukuta.

Mama Zainabu alitoka akaangalia.

"Sasa huyu ni nani?"

Nilirudi nyuma hatua chache nikamtazama. Alikuwa mtu mnene anayeruka juu ya Majengo amejifunga blanketi. Angeweza kuwa wa mtu yeyote. Angeweza hata kubeba pakiti ya unga. Mteja mmoja aliuliza kama ni tangazo la mabati.

Siku mbili nilibeba swali lake kazini. Mgongo unaniuma siku hizi, kaka, saruji imenipasua vidole mpaka siwezi kukunja ngumi asubuhi, na mtu akiwa amechoka hivyo anataka chuki iliyo rahisi. Lakini gari la mkubwa mmoja lilipita Ruring'u tukiwa juu ya mawe, na mbele yake kulikuwa na bendera ndogo, safi kabisa, imeshonwa vizuri, na ile mistari myeupe yote ipo. Nikawaza: nikimvua Jemadari yake, itabaki kwa hawa peke yao. Nitakuwa nimewamalizia kazi. Walichukua mbao, nami nimewapelekea na bendera.

Muriithi ananiambia hayo ni mawazo ya zamani, kwamba nchi ni jina tu ambalo watu hutumia kukuomba ufanye kazi bila kuuliza. Simbishii. Nimeyaona kwa macho yangu. Wewe uliipenda hii nchi na yenyewe haikujua kama upo. Sitakuambia kwamba siku moja itajua. Lakini mtu mwenye nguvu za kuinua lori, asiye na watu anaopaswa kuwajibu, mimi namwogopa. Nimefanyia kazi mabosi wengi wa namna hiyo, na hawa hawana hata uwezo wa kuruka.

Jumapili hii nimeirudisha bendera. Hakukuwa na mtu wa kushika ncha ya pili ya uzi, Muriithi alikuwa ananyoa, kwa hiyo niliufunga kwenye msumari. Mistari imepinda. Nyeupe iko, nyembamba hapa, nene pale. Ungeniambia nikwangue nianze upya, na mimi ningekataa.

Nilipoteremka nikamtazama kwa mbali, ndipo nikaona kitu kilichokuwa kinaniudhi miaka hii yote. Ni ule mkono kwenye paji la uso. Ulimchora akipiga saluti kuelekea barabarani, na katika barabara ile kila anayepita anaipokea, pamoja na gari lenye bendera ndogo, pamoja na msimamizi kama akija kula chapati. Ulisema saluti ni ya bendera. Lakini bendera iko mgongoni mwake, kaka, haioni. Wanaosimama mbele ndio wanaoichukua.

Nimeufuta ule mkono. Nimechora mwingine, umeshuka, umelala kando ya paja. Mimi si mchoraji. Niliuangalia wangu nikauiga, na umetoka mzito, vidole vimevimba, haufanani na ule wa kiunoni.

Muriithi alikuja na kitambaa cha kunyolea begani akacheka mpaka akajishika mbavu. "Umempa mkono wa mjengo! Na saluti iko wapi?"

"Nimeisimamisha."

"Mpaka lini?"

Nilimwambia: mpaka mmoja wa wale wakubwa asimame kwenye jukwaa la ule uwanja, mbele ya kipaza sauti, aseme Wafula alianguka hapa, na aseme sababu. Aliacha kucheka. Alikitoa kitambaa begani, akakikung'uta, akarudi dukani kwake kunyoa.

Sijui kama umekasirika. Usiku nikilala upande wangu wa chumba nadhani umekasirika. Lakini joho umerudishiwa, na mkono utabaki chini hata nikirudi Webuye, hata kama atakuja mchoraji mzuri kuliko mimi. Mama Zainabu ameniahidi hivyo.

Pumzika huko nyumbani, kaka. Huku tunaendelea kuchanganya.

Mdogo wako,
Barasa